Gunia, Chungu na Stendi: Tunayoyaona Kila Siku Bila Kuyapima

(Mhadhara uliotolewa Makambako mbele ya walimu, wakulima, wafanyabiashara na wanafunzi. Unachapishwa karibu kama ulivyosemwa.)



 Kwanza naomba ruhusa ya wazee niseme mbele yao, kwa kuwa mengi nitakayoyagusa wao waliyaona kabla yangu. 

Nimeombwa nizungumzie mambo ya kila siku na yale yanayotufundisha. Mtu akisikia neno mhadhara hutarajia habari za mbali. Mimi nimekuja na habari za hapa hapa: za barabara ya Njombe, za jikoni, za mashamba ya miti na za stendi yetu. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea, na moja ya lawama zake kwa shule za wakati ule ilikuwa kwamba zinamfanya mwanafunzi aamini maarifa yote ya maana yako vitabuni au kwa wasomi, na kwamba anachokijua baba yake shambani hakina thamani. Zaidi ya nusu karne imepita, na bado nakutana na vijana wanaoweza kueleza mfumo wa benki kuu lakini hawajui debe moja la maharage ya nyumbani kwao lina kilo ngapi.

Hoja yangu ni moja, nami nitaifuata kwa njia nne. Jambo tulionalo kila siku tunalijua kidogo kuliko tunavyodhani, maana jicho likishazoea huacha kuuliza. Dawa ninayoijua ni kupima: kulitoa jambo kwenye mazoea, kuliweka mahali pa wazi na kuliuliza kiasi chake.

1. Gunia

Anayetoka Njombe mjini kuja hapa msimu wa viazi huyakuta magunia yamepangwa kando ya lami, yakisubiri lori. Kila moja lina kichwa. Limejaa hadi mdomoni, kisha juu yake zimesukwa kamba na kuongezwa viazi vingine mpaka likapata mabega na shingo. Sina haja ya kuwaeleza lumbesa ni nini. Humu ndani wapo waliowahi kuishona na wapo waliowahi kuiuza.

Sheria tunayo. Sheria ya Vipimo, Sura 340, ilitungwa mwaka 1982, na gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100. Wakala wa Vipimo upo, na viongozi wamekemea hadharani. Lumbesa nayo ipo. Kwa hiyo tusiishie kusema sheria inasemaje. Tufanye hesabu kwanza, halafu tuulize kwa nini jambo hili lina maisha marefu namna hii.

Chukueni gunia la kilo 130, ambalo kwa lumbesa si la kutisha. Bei ni ya gunia moja. Kilo 30 zimeondoka bila bei. Kwa magunia kumi ni kilo 300, yaani magunia matatu halali yamepanda lori na kwenda Dar es Salaam bila mkulima kulipwa kitu. Na magunia hayo matatu hayakuota yenyewe. Yalitafutiwa mbegu na mbolea, yakapigwa dawa ya ukungu mvua zilipokolea, yakalipiwa vibarua wa kupalilia na wa kuchimba. Gharama yote imebaki kwa mkulima na mali imekwenda.

Nimewahi kuwasikia watu wa mjini wakisema mkulima wa Njombe hajui hesabu. Si kweli, na huniuma kusikia. Anaijua hesabu ile kuliko wao. Lakini viazi vikishachimbwa havingoji: vikipigwa na jua hugeuka kijani, vikikaa unyevuni huoza. Dalali anafika lori likiwa limewasha injini. Mtoto anatakiwa shuleni. Na jirani, ng'ambo ya mfereji, naye ana viazi. Ukisema hutaki lumbesa, lori litajazwa kwa jirani, na jirani hana ubaya, ana shida kama zako. Huko mbele mpakiaji analipwa kwa gunia, na penye ushuru unaotozwa kwa kuhesabu magunia, gunia kubwa linamwokolea mnunuzi fedha. Basi kila hatua njiani kichwa kile kinamfaidisha mnunuzi, na aliyekilima hapati kitu. Lumbesa inaishi kwa sababu muuzaji anauza akiwa peke yake.

Sasa tazameni jambo la ajabu lililo mbele ya macho yetu. Mkulima huyo huyo, nyuma ya nyumba, ana miti ya parachichi. Mnunuzi wa parachichi akija, anakuja na mizani. Tunda linachambuliwa, linawekwa kwenye kreti, linapimwa, na mkulima analipwa kwa kilo. Nendeni Lupembe au Luponde kwenye chai: jani bichi likifika kwenye banda la kukusanyia linapimwa, na mchumaji anajua kilo zake za leo kabla hajaondoka. Ni mikono ile ile, ardhi ile ile, hata siku ni ile ile. Asubuhi mtu anauza kwa kilo na jioni anauza kwa kukadiria kwa macho. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba mkulima amezoea lumbesa. Aliyezoea ni soko la viazi. Mnunuzi wa parachichi anapima kwa sababu naye huko anakouza, ng'ambo ya bahari, atapimiwa. Mizani huja pale anayetoa fedha anapoihitaji, au pale wanaouza wanapokataa kwa pamoja kuuza bila hiyo.

Wanafunzi, ninyi nawaomba mlitafakari hili zaidi ya wakubwa, kwa kuwa ninyi ndio mnaoketi juu ya magunia yale mkisubiri lori. Mtoto wa miaka tisa anamwona baba yake, mtu anayemheshimu kuliko wote, akikubali kwamba 130 ni 100. Hakuna aliyemfundisha somo hilo, wala halimo kwenye muhtasari wa darasa lolote. Lakini amelisoma, na atakuja kulitumia siku atakapokuwa na nguvu yeye. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko kilo 30 zenyewe.

2. Chungu

Mheshimiwa Mwenyekiti, hapa naomba nikae kidogo.

Utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa mwaka 2022 ulipima urefu wa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa nchi nzima, watoto 30 kati ya 100 wana udumavu, maana yake wamebaki wafupi kuliko inavyotakiwa kwa umri wao kwa kukosa lishe ya kutosha kwa muda mrefu. Mkoani kwetu Njombe ni asilimia 50.4. Iringa, majirani zetu tuliokuwa mkoa mmoja nao hadi mwaka 2012, ni asilimia 56.9. Rukwa ni 49.8. Hiyo ni mikoa mitatu inayolisha nchi. Mahindi yake, maharage yake na viazi vyake ndivyo vinavyojaza masoko ya mijini.

Takwimu hizo zilipotangazwa nilisikia wengi wakibisha, hata watu wazima wenye elimu. Walisema watoto wetu wana afya, mashavu yamejaa, wanakimbia milimani. Nami naelewa kwa nini walibisha. Mama anampima mtoto wake kwa kumtazama mtoto wa jirani. Mwalimu anatazama mstari wa darasa la kwanza asubuhi na kuona wanalingana. Penye watoto wengi waliodumaa, kudumaa kunakuwa kimo cha kawaida. Tena mtoto wa namna hiyo anaweza kuwa mnene wa kutosha kwa kimo chake, maana viazi na ugali vinashibisha. Ukimweka kwenye mizani ya kliniki peke yake, uzito wake hauwezi kukueleza yote. Anayesema kweli ni ubao wa kupimia urefu, kwa sababu ubao haumlinganishi na jirani. Unamlinganisha na mtoto ambaye angekuwa.

Wataalamu wa lishe wanasisitiza siku 1,000, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Ubongo unajengwa kwa kasi kubwa katika siku hizo, na kilichopungua humo ni vigumu sana kukirudisha baadaye. Miaka saba ikipita, mtoto yule yuko darasani, anachelewa kushika hesabu, na mtu mzima anamwita mzito wa kuelewa. Hakuzaliwa hivyo.

Inakuwaje katika nchi ya chakula? Tusitafute mchawi. Tufunue chungu. Asubuhi uji wa mahindi yaliyokobolewa, mweupe, wenye sukari kidogo kama ipo. Mama anatoka kwenda shambani, au kuchuma chai ya watu kwa ujira, na mtoto anabaki na dada yake ambaye naye ni mtoto. Mchana viazi vilivyolala, au hakuna. Jioni mama anarudi na kuni kichwani, anasonga ugali, na mdogo amekwisha kusinzia. Tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo; linataka kujazwa kidogo kidogo mara nyingi, kwa vyakula tofauti. Sisi tunalijaza mara mbili kwa chakula kimoja.

Na hatuwezi kusema hapakuwa na kingine. Mayai yalikuwepo asubuhi. Yamekwenda stendi, yamechemshwa na kuuzwa dirishani mwa basi. Maharage yameuzwa kwa debe. Maziwa yamekwenda kwa mnunuzi kwa lita. Parachichi limekwenda kwa kilo. Chochote kizuri kinachotoka nyumbani kina kipimo chake na mtu wa kukihesabu. Sahani ya mtoto ndiyo isiyo na kipimo, wala hakuna anayeulizwa ilikuwa na nini.

Naomba sana tusimtupie mama lawama. Anayeamua debe lipi liuzwe mara nyingi si yeye, na anayebeba kuni, maji, jembe na mtoto ni yeye. Akina baba, msitazame chini. Nasema nanyi kwa heshima. Zile kilo 30 za juu ya gunia, lau zingelipwa, fedha yake ingenunua dagaa na mayai ya mtoto kwa siku nyingi. Ndiyo maana nimeliweka gunia karibu na chungu. Tumezoea kuyapeleka mambo haya ofisi mbili, moja ya biashara na nyingine ya afya, wakati ni fedha ile ile ya nyumba ile ile.

Mzee mmoja aliniambia zamani watoto walikula hivyo hivyo na wakakua. Naheshimu kauli yake. Lakini waliokua ndio tunaowaona leo. Ambao hawakukua, na wale ambao wangeweza kukua zaidi, hatuna wa kutuonyesha, kwa kuwa hakuna aliyewapima.

3. Moto

Hili nitalipita upesi, ila silitaki likosekane, maana linatupa moyo.

Miti imekuwa sehemu ya maisha ya Njombe kwa muda mrefu. Kampuni ya miwati ilianza pale Kibena mwaka 1949, magome ya miwati yakitoa dawa ya kusindikia ngozi. Leo familia nyingi zina shamba la misindano au milingoti, hata kama ni nusu ekari, na mti ule ndio akiba ya ada na ya uzee. Kila mwaka nyasi zikikauka, kuelekea Septemba na Oktoba, mtu mmoja anachoma shamba lake asubuhi bila kuangalia upepo, na jioni kazi ya miaka kumi ya watu wasiomjua imekuwa mkaa. Moto hauna habari na mpaka wa shamba.

Lakini tumejifunza. Katika vijiji vingi watu wanatoka siku moja, wenye miti na wasio na miti, wanafyeka barabara za kuzuia moto kabla ya kiangazi kukaza. Anayetaka kuchoma anatoa taarifa kwanza, majirani wanafika na matawi mabichi na maji. Asiyetoka anatozwa faini na kijiji. Hakuna aliyeletewa semina ndefu. Waliunguliwa, wakakaa chini, wakahesabu hasara, wakapanga siku.

Basi uwezo wa kukubaliana tunao. Kijiji kinachoweza kupanga siku ya kufyeka kinaweza kupanga kwamba msimu huu hakuna kiazi kitakachopanda lori bila kupimwa. Tofauti ni kwamba moto unateketeza kwa siku moja na kila mtu anauona, ilhali lumbesa na udumavu vinateketeza polepole.

4. Stendi

Sasa mtu anaweza kuniuliza: je, kila kitu kiwekwe kwenye mizani? Hapana. Nilipokuwa naandaa maneno haya nilikaa stendi ya hapa Makambako nyakati tofauti, nikitazama tu, na kule nilikutana na jambo ambalo sikuweza kulitafutia kipimo.

Mji huu umejengwa na wapita njia. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao, Zambia ikahitaji njia nyingine ya mafuta, na malori yakaanza kupanda nyanda hizi. Kisha ikaja reli: kati ya 1970 na 1975 ilitandikwa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na Makambako ikapata kituo. Barabara ya Songea inaagana na ile ya Mbeya hapa hapa. Wengi wenu mababu zenu walikuja kufuata reli au lori, Wabena, Wakinga, Wahehe, Wapangwa na wengine wa mbali, na wakabaki.

Tangu Oktoba 2023 mabasi yanaruhusiwa tena kusafiri usiku, na stendi hailali. Saa nane usiku, mwezi wa saba, baridi ya hapa si ya kusimulia. Anashuka mama na mtoto mgongoni, anaunganisha kwenda Songea, basi lake halijafika, khanga yake ni ya pwani. Yupo mama lishe mmoja, jina nitamhifadhia, ambaye ameweka benchi karibu na jiko lake la mkaa, nje, penye hewa. Abiria aliyekwama anakaa pale bila kuulizwa atanunua nini. Wengine wananunua chai, wengine hawana kitu. Vijana wa bodaboda wanajua benchi lile, nao ndio wanaowaelekeza wageni. Nilimuuliza anapata faida gani. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la kitoto, akasema, "Baba, usiku huu angekaa wapi?"

Benchi lile mwanzoni lilinipa shida katika hoja yangu, kisha likanisaidia. Mama yule hana kipimo cha kilo, lakini ameona. Amemwona mgeni kila usiku na hajamzoea. Wakati wapiga debe wanamwona kama abiria wa kupita tu, mama yule bado anaona mtu anayesikia baridi. Sisi wengine ambao macho yetu yanachoka upesi tunahitaji mizani na ubao ili vitukumbushe kuangalia. Wapo wachache wasiohitaji kukumbushwa. Tukiwapata katika mji wetu tuwaulize wanafanyaje, na tuwakalishe viti vya mbele katika mikutano kama huu.

Mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, sitaki tutawanyike na maneno matupu. Nina maombi matatu.

La kwanza ni kwa vijiji vinavyolima viazi. Changeni mnunue mizani, kila kijiji moja, ikaguliwe na kupigwa muhuri na Wakala wa Vipimo, iwekwe mahali lori linapopakilia. Kijiji kimoja kikifanya peke yake, lori litakihama. Kwa hiyo vianze vijiji vya barabara moja, vyote katika wiki moja, kama mnavyofyeka njia za moto.

La pili ni kwa zahanati na vituo vya afya. Mtoto apimwe urefu, si uzito peke yake, na akina baba waitwe siku hiyo. Namba isomwe kwa sauti mbele ya wazazi wote wawili, ielezwe maana yake, na mazungumzo ya mayai na maharage yafanyike pale pale, baba akiwepo.

La tatu ni kwa walimu na wanafunzi. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa kawaida wa serikali, akaona maisha yake yanastahili kuandikwa, akatuachia Maisha Yangu. Naomba kila mwanafunzi wa darasa la sita hapa Makambako na Njombe, shule zitakapofunguliwa Januari, apewe daftari moja lisilosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Aandike jambo moja la nyumbani kwao kwa mwaka mzima. Anaweza kuandika mlo wa mdogo wake, kilo za viazi zilizouzwa na fedha iliyopokelewa, siku za mvua, umbali wa kuni, au wageni waliolala kwao. Achague mwenyewe.

Mwaka kesho, mavuno yakiisha, turudi katika ukumbi huu, nami nikae chini na watoto wapande jukwaani wasome walichokiandika. Tualike wakulima, wauguzi na madiwani. Tuwaalike na madalali pia, tena tuwape barua mapema, kwa sababu hesabu nyingi zitakazosomwa siku ile zitawahusu, na ningependa wapate nafasi ya kujibu mbele ya watoto.